Mgonjwa wa Pini Tisa

Nilipopiga hodi, Mama Osmundi hakuitikia. Alifungua dirisha, akanitazama, akalifunga. Kisha nikamsikia akimwambia mbwa wao huko uani, kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta, "Simba, ingia stoo haraka. Mhehe amefika." Komeo la stoo likalia. Ndipo mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula njiani, au nimtoe?"

"Nimekula, mama. Na huyo wenu nimemchungulia, amekonda. Anaaibisha ukoo."

Tulicheka kwa zamu, kwa heshima zote zinazostahili. Halafu akashika mwimo wa mlango akalia, nami nikabaki nimesimama na begi langu, kwa sababu katika miaka yangu yote ya bweni hakuna mwalimu aliyewahi kutufundisha mtu aiweke wapi mikono yake mama wa rafiki yake anapolia.

Wahehe na Wangoni ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na vita iliyobaki ikaachwa imalizwe kwa mdomo. Tangu hapo Mngoni ana haki ya kuniita mla mbwa popote, hata kanisani, nami nina haki hiyohiyo juu yake, na mwenye kosa ni yule atakayekasirika. Osmundi Gama alikuwa Mngoni wa Lizaboni, Songea. Mimi, Tadei Kihwele, ni Mhehe wa kawaida. Uongozi wa shule, kwa hekima ambayo mpaka leo haijaelezwa, ulitupa kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Kuanzia kidato cha kwanza hadi cha tano hatukuwahi kusemeshana neno jema hata moja. Ulikuwa urafiki usio na dosari.

Likizo iliyofuata homa ya uti wa mgongo ikamchukua.

"Pita," mama alisema akijifuta uso kwa kitenge. "Yuko mezani."

* * *

Mama Osmundi ni fundi cherehani wa sare za shule. Meza yake ilijaa sketi za buluu zisizo na pindo. Alizisukuma pembeni, na chini yake likatokea kasha jeusi, kubwa kama kipande cha sabuni ya mche.

Siku hizi mgonjwa mahututi huvishwa kofia ya nyaya hata kabla ya kutundikiwa dripu. Akipona, kofia inavuliwa, maisha yanaendelea. Asipopona, yale yote ambayo kofia imeyakusanya, namna yake ya kufikiri, ya kutania, ya kununa, hutiwa ndani ya kasha, na familia hupewa pamoja na skrini ya idara ya serikali inayosimamia makasha. Wanaongea naye wakati wa msiba. Siku ya kuanua tanga huja ofisa, ambaye mitaani wote humwita Bwana Kasha, akaketi na wafiwa na kuliambia kasha ukweli: wewe umekufa. Hapo kasha lina haki ya kuchagua. Likitaka kubaki, hubaki. Likitaka kufungwa, hufungwa, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulichagulia.

Karibu yote huomba kufungwa. Babu mmoja jirani yetu Iringa, alipoambiwa, alisema, "Nilijua tu, maana chai haiji," akaaga na kuondoka kabla Bwana Kasha hajamaliza hotuba yake.

"Hili kasha halikutakiwa kuwa hapa, mama," nilisema.

"Nilimwambia Bwana Kasha lilidumbukia kwenye ndoo ya maji likafa, nikalizika pembeni ya mwenyewe. Akachukua skrini yake akaondoka. Angefanya nini? Afukue kaburi la mtoto mbele ya mama yake?"

Nilikiri moyoni kwamba huo ulikuwa uongo wa kiwango cha juu, na kwamba kama angesoma na sisi angekuwa kiongozi wa bweni.

"Kwa hiyo hajaambiwa."

"Ameambiwa yuko wodini. Macho yamefungwa bandeji, koo lina mpira, anaongea kwa mashine. Nimemwambia na shule imefungwa, kwa hiyo hajapitwa na kitu."

"Mama..."

"Tadei." Hakuniita Mhehe. "Wakijua, wanaondoka. Wewe unajua hivyo. Mwanangu nimemzika mara moja. Usiniambie nimzike tena, safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe." Aligusa kasha kwa kidole kama mtu anayepima joto la chupa ya mtoto. "Tangu wachukue skrini yao amekaa humo peke yake. Hasikii mtu. Na huyu toka mdogo anaogopa ukimya, alikuwa halali mpaka nikanyage cherehani. Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Niunganishie."

Ni kweli kwamba mimi ni mwenyekiti wa Klabu ya Kompyuta. Cheo hicho nilipewa baada ya kengele ya shule kujigongea mapumziko katikati ya kipindi cha kemia. Mkuu wa shule alisema mtu wa namna hii hufukuzwa au hupewa madaraka, na wiki ile alikuwa ameshafukuza wa kutosha.

Nikafungua begi, nikatoa kompyuta yangu.

* * *

Kasha halina antena. Sheria inakataza marehemu kuzurura mtandaoni. Lakini kila kifaa lazima kiwe na mahali ambapo fundi anaweza kukichokoza, na nyuma ya kasha, chini ya kibandiko cha mpira, kulikuwa na poti ya mfululizo: tundu la pini tisa, la aina ambayo mabibi zetu waliifahamu. Katika poti hiyo maneno hayaendi kwa kundi. Huvunjwa kuwa biti, na biti hupita moja moja, nyuma ya mwenzake, kama foleni ya uji ikisimamiwa na mwalimu wa zamu.

Waya mama alikuwa nao. Fundi redio wa sokoni alimtengenezea.

"Nikachomeka kwenye kompyuta ya jirani, kimya," alisema. "Fundi akasema kasha limekufa. Nikamfukuza."

Niliufungua ule waya. Fundi alikuwa ameunga kila pini na mwenzake wa namba ileile, mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio. Pande zote mbili zilikuwa zikisema, hakuna aliyekuwa akisikiliza. Nikakata, nikavukisha: pini ya kusema ya huku iende kwenye pini ya kusikia ya kule, na ya kule ije huku.

Kisha nikaandika programu. Haikuwa ndefu. Kwanza inaiomba mashine iifungue poti na kuishika peke yake, kwa sababu poti moja haishikwi na programu mbili. Halafu inatangaza masharti: kasi, biti nane kwa kila herufi, bila biti ya ukaguzi, biti moja ya kumalizia. Pande mbili zisipokubaliana masharti hayo tangu mwanzo, hakuna adabu wala kubembeleza kutakakosaidia. Halafu inakaa kusubiri herufi, inazikusanya mpaka ikutane na alama ya mwisho wa mstari, ndipo inazionyesha. Kwa heshima ya mama nikaiagiza iweke jina mbele ya kila mstari.

Kasi sikuijua. Nikaweka ya juu kabisa kwa kubahatisha, nikaiwasha.

Skrini ikajaa uchafu. Nusu herufi, alama za mshangao, vimraba, nyota, mstari baada ya mstari, bila kituo.

Mama akaruka kutoka kitini. "Anaweweseka! Mtazame, anaweweseka! Homa imempanda kichwani tena!"

"Hapana, mama. Ni kasi."

"Alikuwa hivihivi siku ya mwisho! Alikuwa anasema maneno hayana mbele wala nyuma!"

"Mama, yeye anaongea vizuri. Mimi ndiye ninayesikiliza haraka kuliko anavyosema. Nipe nafasi nipunguze."

Nikapunguza. Uchafu ukabaki uchafu, ila mwembamba. Mama alikuwa amenishika bega, na kucha zake zilipita kwenye shati. Nikapunguza tena, hadi biti elfu tisa na mia sita kwa sekunde, na uchafu ukasimama. Kisha:

OSMUNDI: kuna mtu?

OSMUNDI: mama?

OSMUNDI: kuna mtu hapo?

Mama alikaa chini taratibu. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kana kwamba imefichwa kwa makusudi. Nami nilikuwa nikifikiri jambo ambalo sikumwambia: kwamba poti haihifadhi maneno yasiyo na msikilizaji. Hupita na kupotea. Yote aliyoyasema tangu skrini ichukuliwe, maswali yote, na nilimjua Osmundi, na matusi yote, yalitoka kwenye pini ile yakaangukia hewani mezani pale, katikati ya sketi.

MAMA: nipo mwanangu. mashine ya wodi iliharibika. wameitengeneza.

OSMUNDI: mama usiondoke tena

MAMA: siondoki.

Aligeuka akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo kwa kazi yoyote niliyowahi kuifanya, na nyingi ya kazi zangu zilikuwa bora kuliko hiyo.

* * *

Lakini mtu lazima alale, aende sokoni, apime wateja viuno. Asubuhi iliyofuata mama aliniomba kitu cha pili. Kila alipoinuka kwenda jikoni, Osmundi aliuliza kuna mtu, na asipojibiwa aliuliza tena na tena kwa namna iliyomfanya mama aache sufuria jikoni na kukimbia. Je, programu haiwezi kumjibu?

Inaweza. Ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Nikaongeza mistari michache: mstari ukija, na mtu asipogusa kibodi kwa muda, programu yenyewe ipeleke neno moja. Tupo.

Niliijaribu tukiwa tumesimama kando, mikono mbali na meza.

OSMUNDI: kuna mtu?

MAMA: Tupo.

"Asante, mwanangu," mama alisema.

Mimi nimewahi kuigiza sauti ya mkuu wa shule kwenye kipaza sauti na kuahirisha mtihani. Nilidhani najua utamu wa kumfanya mtu aamini kisichokuwepo. Pale nilihisi kama niliyemwekea mtoto gogo lenye shuka kitandani ili adhani kalala na mama yake.

"Sasa msalimie," mama akasema. "Mwambie umekuja kumwona. Mwambie wenzake wanamsubiri shule ifunguliwe. Ukisema wewe ataamini zaidi."

Nikakaa. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi, na kwenye skrini, mahali pa kuandika, kialama kilikuwa kikiwaka na kuzima. Upande wa pili alikuwa Osmundi. Nikabadilisha jina, nikaandika, na maneno yalitoka yenyewe:

TADEI: Habari za asubuhi, ndugu yangu. Mimi Tadei. Pole sana kwa kuugua. Tunakuombea sote. Unaendeleaje?

Tulisubiri. Niliangalia waya, ulikuwa sawa. Mama alianza kusokota ncha ya kitenge.

OSMUNDI: tadei?

TADEI: Ndiyo, ndugu yangu.

Halafu jibu likaja, polepole, kwa kasi ileile yaliyokuja nayo mengine yote, lakini niape kwamba lilikuja polepole.

OSMUNDI: mbona unanisemesha vizuri

OSMUNDI: nimekufa?

Nilielewa nilichokifanya. Mama alimdanganya mchana na usiku, akajenga wodi nzima, daktari, bandeji na mpira wa koo, na hakuacha hata tundu moja. Nikaja mimi, msomi, mtaalamu, nikaibomoa kwa salamu. Mgonjwa anaweza kudanganywa na mama, na nesi, na padri. Lakini Mngoni aliyeitwa "ndugu yangu" na Mhehe hahitaji daktari wa kumpa majibu.

Mama alinishika kifundo cha mkono. "Mwambie hapana."

"Mama..."

"Mwambie hapana! Mtukane! Mtukane kama siku zote!"

Nikaandika:

TADEI: Wewe ufe? Kufa kunataka bidii, mvivu wewe. Babu zako walitembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini wakikimbia vita, wewe kufika choo cha bweni unaomba msaada. Nilikusalimia vizuri kwa sababu nesi amesimama hapa, na ni mrembo.

Mama alisoma huku midomo ikicheza. Akacheka kidogo puani, akalia kidogo, akacheka.

OSMUNDI: sawa

"Unaona?" mama alinong'ona, kana kwamba kasha lina masikio. "Ameamini. Asante, Mhehe. Mungu akubariki na mbwa wako wote."

Katika miaka yote ile, kitanda cha juu hakijawahi kupokea tusi na kujibu sawa. Angesema mla mbwa. Angesema lolote. Osmundi alijibu hivyo kwa sababu alikuwa ameacha kubishana na mimi, akaanza kufikiri.

* * *

Mchana mawingu yalikuja kwa ghafla kama yanavyokuja Songea, na matone ya kwanza yalipogonga bati mama alipiga kelele, "Sare za watu!" akakimbilia uani, ambako kamba mbili zilikuwa zimejaa mashati meupe.

Nilibaki na kasha.

OSMUNDI: mama yupo?

Nilizima ile mistari ya Tupo kabla haijanitangulia.

TADEI: Ametoka. Anaanua nguo.

OSMUNDI: kuna mvua?

TADEI: Kubwa.

OSMUNDI: mimi siisikii

OSMUNDI: bandeji iko machoni lakini mvua siisikii. wala sisikii njaa. na kuna mtu anasema tupo kila mara kwa namna moja. huyo si mama

OSMUNDI: sema mhehe

Nikaandika neno "Ndiyo". Kasha halipokei kitu mpaka uufunge mstari. Maneno hukaa upande wako, unaweza kuyatazama, unaweza kuyafuta, yeye hajui kama umeyaandika. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Uani mama alikuwa akitupa vibanio vya nguo ndani ya beseni, nilivisikia kimoja kimoja.

Nilijua ninachomnyang'anya mama. Osmundi akijua, ana haki ya kuondoka, na akiondoka yule mwanamke wa uani atakuwa amezika mara mbili, na mara ya pili nitakuwa nimeshika koleo mimi. Nisipomwambia, atakaa humo akingoja kufunguliwa macho ambayo yako chini ya udongo, na kila akituuliza atajibiwa na mistari niliyoiandika mimi mwenyewe. Sheria ilisema aambiwe. Sheria sijawahi kuiogopa. Ila alikuwa ameniuliza mimi. Hakumuuliza mama, wala daktari. Alimuuliza mtani wake, kwa sababu mtani ndiye mtu pekee duniani mwenye ruhusa ya kumwambia mtu lolote bila kuomba radhi.

Nilifuta lile "Ndiyo". Halikuwa la kwetu.

TADEI: Ulikufa, mjinga wewe. Ulikufa wiki moja kabla ya mtihani wa hesabu wa kufungulia shule, kwa makusudi, ili usifeli. Shule nzima inajua.

Nikaufunga mstari, ukaenda.

Mvua ilipiga bati.

OSMUNDI: mla mbwa

TADEI: Ndiyo mimi.

OSMUNDI: nilijua toka uliposema ndugu yangu. nikasema huyu ama amelewa ama nimekufa. na wewe pombe ya ulanzi huiwezi

TADEI: Samahani.

OSMUNDI: usiombe samahani unanitisha

OSMUNDI: nilizikwa vizuri?

TADEI: Vizuri mno, hukustahili. Nililala kaburini mwako kabla yako. Nikasema siinuki, shimo hili ni pana, Mngoni mfupi kama huyu anatosha kwenye beseni. Baba yako mdogo akanitoa kwa fimbo.

OSMUNDI: watu walicheka?

TADEI: Walicheka. Hata padri alijificha nyuma ya kitabu.

OSMUNDI: mama?

Niliitazama ile alama ya kuuliza. Uani beseni liliburuzwa.

TADEI: Mama hakucheka.

Nikamweleza mengine, haraka haraka, kwa sababu mvua haikuwa ya kudumu: kwamba yuko kwenye kasha, kwamba mama alilificha, kwamba ana haki ya kuomba kufungwa, na kwamba akiomba, mimi hapa naweza kumfungia. Nilimwambia anataka nini aseme, nitafanya. Niliyaandika hayo bila tusi hata moja na safari hii hakulalamika.

OSMUNDI: huko kufungwa kunauma?

TADEI: Wanasema hakuumi. Waliofungwa hawajarudi kubisha.

OSMUNDI: na hapa nilipo hakuna kitu tadei. hakuna hata giza. kukiwa kimya siwezi kusema ni muda gani umepita. nikisikia tupo ndiyo najua kumbe bado nipo. sitaki kukaa hapa

TADEI: Basi sema.

OSMUNDI: mama anakula?

Nilikuwa sijajiuliza. Nilikumbuka jana yake aliponiandalia mimi akasema ameshakula, na asubuhi alisema hivyohivyo, na sufuria ilikuwa ndogo, ya mtu mmoja.

TADEI: Sijamwona akila.

OSMUNDI: basi usimwambie kwamba najua

TADEI: Unasema nini?

OSMUNDI: usimwambie. mimi ni mgonjwa niko wodini. acha anidanganye. akishaanza kuishi, siku moja atachelewa kunisalimia kwa sababu ana shughuli zake, ana wateja, ameenda harusini. siku hiyo utaniambia na nitaomba kufungwa. kabla ya hapo nitamtii daktari

TADEI: Umesema hutaki kukaa hapo.

OSMUNDI: sitaki. nimemuuguza mtu mimi? yeye kaniuguza toka nizaliwe. zamu yangu

OSMUNDI: na ile tupo iondoe. kama hakuna mtu, bora nijue hakuna mtu

Mlango wa uani ukafunguliwa kwa teke. Nikafuta mazungumzo yote, mstari kwa mstari, na skrini ikabaki safi kama ubao kabla ya kipindi. Mama aliingia amekumbatia mlima wa mashati, maji yakimtiririka usoni, akayamwaga juu ya cherehani.

"Amesema chochote?"

"Ameuliza kama kuna mvua."

"Maskini. Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema ipo."

Alivuta kiti. Alikausha kidole chake kimoja kwenye sketi ya mteja, akaanza kuwinda herufi.

MAMA: mwanangu daktari amepita. amesema unaendelea vizuri. bandeji zitafunguliwa karibuni.

Nilitazama dirishani. Sikutaka kuona.

OSMUNDI: afadhali mama. hata mimi naona homa imeshuka

Mama aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. "Homa imeshuka," alinisomea, kana kwamba mimi sijui kusoma. "Tadei, anasema homa imeshuka."

"Nimeona, mama."

OSMUNDI: ila nina njaa. toka jana naota dagaa wa nyasa wa kukaanga na karanga, na ugali. nikipona ndicho cha kwanza

"Ana njaa!" Alikuwa ameshasimama. "Mtu akianza kusikia njaa ameshapona, hilo hata manesi wanajua. Dagaa ninao. Wako kwenye mtungi, wa Mbamba Bay, wazuri." Alikwenda hatua mbili kuelekea jikoni, kisha akasimama, amenipa mgongo. Nilimwona akikumbuka. Mabega yalishuka. Kisha akainua mikono akafunga kilemba upya, kwa nguvu.

"Nitapika," alisema. "Nitamwambia nimempelekea. Utakula wewe kwa niaba yake."

"Peke yangu siwezi, mama. Sisi tumezoea nyama."

"Ya mbwa."

"Ya mbwa. Dagaa wananishinda. Labda tukila wote."

Nilisikia mkaa ukimwagwa, kiberiti kikikataa, kikakubali.

OSMUNDI: ameenda?

TADEI: Anapika.

OSMUNDI: usianze kula mpaka aanze yeye. na usisimame mpaka amalize

TADEI: Kuna lingine, Mngoni?

OSMUNDI: nyamaza sasa. mgonjwa anapumzika

Niliiondoa ile mistari ya Tupo kwenye programu, nikaihifadhi bila hiyo. Chakula kilipoletwa tuliketi pembeni ya kasha, kwenye kona ya meza isiyo na sketi. Ugali ulikuwa wa moto wa kuunguza. Nilinawa, nikaikunja mikono kifuani, nikangoja. Mama alinitazama.

"Kula, baba."

"Wewe kwanza, mama. Kwetu mgeni haanzi."

"Uongo. Wahehe mnaanza hata kabla ya sala."

Aliutazama ugali kwa muda mrefu. Kisha akamega tonge, akachovya, akaweka mdomoni, na nikaona jinsi koo lilivyokataa mara ya kwanza, na jinsi alivyolilazimisha. Alimega la pili. Nami nikaanza.